Hiyo Rupia Yako Haina Mamilioni

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Majaribio ya katikati ya muhula yalinikaba, na laptopu yangu nayo betri yake inaishi kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Leo sina habari za kampasi. Kuna jambo limenikaa kooni, nisipolitema humu nitamtemea mtu asiyehusika kwenye foleni ya kantini.

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu: nakusanya sarafu za zamani. Sio nyingi, maana sina hela (na hilo neno "hela" tutalirudia huko mbele). Jumamosi nikiwa na nauli nashuka Posta, nazunguka Samora mpaka pale kwa Sanamu ya Askari, nakatiza Kisutu, naishia Kariakoo. Narudi na sarafu moja, au narudi mikono mitupu na jua la kutosha kichwani. Bajeti yangu ni bei ya sahani moja ya chips kuku kwa wiki. Wiki niliyokula chips kuku, sinunui sarafu. Hesabu yake ndiyo hiyo, haina kikokotoo.

Sasa kila anayeingia chumbani akaona vibahasha vyangu anauliza swali lile lile. Haulizi ni ya mwaka gani. Haulizi huyo bwana mwenye ndege juu ya kofia ni nani. Anauliza, "Hii inauzwa shilingi ngapi?" Halafu anasogea, anashusha sauti kama tunapanga kuiba mtihani: "Si nasikia rupia ya Mjerumani ni milioni mia?"

Jamani. Haina milioni mia. Haina milioni kumi. Rupia ya kawaida ya Mjerumani, ya fedha, iliyochakaa kama zilivyochakaa nyingi, haina hata milioni moja. Huko Ulaya wanakouza na kununua hadharani ni dola makumi. Makumi, ndugu yangu, sio maelfu. Ile ya rupia 2 ya mwaka 1893 na 1894 ni adimu, hiyo inafika mamia ya dola na zaidi ikiwa safi. Lakini hiyo sio anayokuonyesha jamaa kwenye kona pale Posta. Huyo jamaa hajawahi hata kuishika.

Na msidhani hapa nabishana kwa ajili ya kubishana. Kuna jirani yangu wa hosteli amepigwa. Simtaji jina, nitamwita Jirani. Kwao Songea. Mama yake aliuza mahindi ili jamaa amalizie ada. Sh. 450,000 ikatumwa kwa simu siku ya Jumatatu, Alhamisi ilikuwa imeshaondoka. Walikuwa watu wawili, wamevaa vizuri, wamepatikana kupitia rafiki wa rafiki. Mmoja ndiye "mwenye mzigo". Wa pili ni "wakala wa mnunuzi", na mnunuzi eti yuko hotelini anasubiri na dola laki mbili. Rupia imeshapimwa, ina zebaki ndani. Mzee aliyeitunza kule kijijini anataka kishika uchumba cha milioni mbili tu ndipo aachie, wenzako watatu wameshatoa, umebaki wewe. Wakampa hata mzigo wenyewe akae nao kama dhamana, umeviringishwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa nta, na sharti: usifungue kabla mnunuzi hajafika, ukifungua nguvu inatoka.

Simu zao hazipatikani mpaka leo. Baada ya wiki mbili Jirani akaleta kile kitambaa chumbani kwangu tukakifungua pamoja. Ndani mlikuwa na shilingi moja ya East Africa ya mwaka 1952. Simba mbele ya milima upande mmoja, kichwa cha King George wa Sita upande wa pili. Sio ya Mjerumani. Hata fedha sio, maana kuanzia 1948 shilingi zile zilipigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ninazo tatu kama hiyo, nilinunua sh. 2,000 kila moja na nadhani mzee alinipunja kidogo.

Jina la Jirani halipo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Tunamchangia, na mwenye chochote anajua chumba. Ila mchango hauziunguzi zile hadithi, na zile hadithi ndizo ninazogombana nazo leo.

Hadithi ya kwanza inasema kitu kikiwa cha zamani basi ni ghali. Nani aliwaambia? Chukueni sarafu za wafalme wa Kirumi, Makaisari wenyewe, wale wa kwenye Biblia na wa kwenye somo la historia kidato cha kwanza. Sarafu ya shaba ya wakati wa Constantine, karne ya 4, ina umri wa miaka 1,700. Huko Ulaya na Marekani mwanafunzi mwenye hali kama yako anaipata kwa dola 10 au 20, na zile chafu ambazo hazijasafishwa wanauza kwa mafungu kama dagaa. Miaka 1,700! Bei ya kitabu cha mitumba. Kwa nini? Kwa sababu dola ya Kirumi ilipiga sarafu kwa mamilioni, watu wakazifukia kwenye vyungu, na zinafukuliwa mpaka kesho. Bei inatokana na wingi wake, hali yake, na watu wangapi wanaitaka. Umri peke yake haununui hata vocha.

Na mwaka unaouona kwenye sarafu wala sio lazima uwe umri wake. Ile reale kubwa ya fedha yenye mama mnene, Maria Theresa wa Austria, iliyotembea pwani yetu yote mpaka Uhabeshi, imeandikwa 1780. Mwaka huo ndio aliokufa. Lakini waliendelea kuipiga na mwaka ule ule wa 1780 kwa karne mbili, Vienna, Roma, London, mpaka Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa huku walikuwa hawataki nyingine. Kwa hiyo akija mtu anakwambia "angalia mwenyewe, 1780", mwambie asante, umeangalia.

Hadithi ya pili ni ya zebaki na nguvu. Hapa naomba wanafunzi wa kemia waamke. Rupia ya Mjerumani ilifuata kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, na asilimia kama 92 ya uzito huo ni fedha. Zilizobaki ni shaba. Huo ndio moyo wake wote. Hakuna kichupa ndani, hakuna zebaki nyekundu, hakuna jini aliyeajiriwa. Bei yake ya chini kabisa ni bei ya fedha iliyomo, ambayo sonara yeyote wa Mtaa wa Indira Gandhi atakupimia kwenye mizani kabla hujamaliza kusalimia. Wahindi wenyewe wanalia na utapeli wa aina hii hii: kwao ni sarafu ya shaba ya Kampuni ya East India ambayo eti inavuta punje za mchele, polisi wao wanakamata watu kila mara. Yaani dunia nzima mtu akitaka kukuibia anatafuta sarafu ambayo huwezi kuisoma. Na ndiyo sababu nasema tuzisome.

Ila tuwe wakweli, uvumi huu wa mamilioni una baba yake. Baba yake yuko Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wamezingirwa na vita, meli hazifiki, sarafu zimeisha. Wakafungua kiwanda cha dharura kwenye karakana ya reli kule Tabora, wakapiga heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba njano waliyoweza kukusanya. Ukishika moja utaona haraka ilivyokuwa, maandishi yamekaa upande kama mtu aliyelala vibaya. Halafu wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo ameinua mkonga. Zilitoka 16,198. Mwezi Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora, habari ikaishia hapo. Tembo huyo wa dhahabu ndiye mwenye bei, anauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa maelfu ya dola. Maelfu, narudia, hata yeye hafikii hizo milioni mia zenu. Na kwa sababu ana bei, amenakiliwa sana, tembo bandia ni wengi. Lakini ile heller 20 ya Tabora, ndugu yake wa shaba, aliyepigwa karakana ile ile, mwaka ule ule, vita ile ile? Nilimpata Kariakoo kwa mzee anayeuza vitasa na bawaba kwa sh. 8,000. Nilikula ugali maharage wiki mbili na sikujuta.

"Shikamoo mzee, hii vipi?"

"Marahaba kijana. Hiyo ya Mjerumani hiyo. Elfu kumi na tano."

"Mzee, mimi mwanafunzi."

"Ndo maana nimekwambia kumi na tano, mwanangu. Mwenye kazi ningemwambia thelathini."

Tukakutana elfu nane na stori ya nusu saa kuhusu Kariakoo ya zamani. Huyu simlaumu hata kidogo, ametaja bei, tumebishana, kila mtu kaondoka na chake. Ninaowasema ni wale ambao hawataki kukuuzia sarafu. Wanataka kukuuzia mnunuzi.

Sasa turudi kwa yule bwana mwenye ndege juu ya kofia, kwa sababu hapa ndipo ninapopandisha hasira. Tazama rupia yake uone imeandikwa nini: GUILELMUS II IMPERATOR. Hicho sio Kijerumani. Ni Kilatini. Ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, na hata neno Kaiser ni Kaisari huyo huyo wa Roma. Jamaa wa Berlin akajiandika kwa lugha ya Warumi, akajichora kichwa pembeni kama Warumi, akaileta Bagamoyo na Dar es Salaam kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunangojea Roma ifufuke. Waingereza wakafuata mtindo huo huo: GEORGIVS V REX ET IND: IMP:, yaani George wa Tano, mfalme na kaisari wa India. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikusanyi sarafu za wafalme wa Kirumi kama wanavyofanya wenzetu wa Ulaya, jibu ni kwamba ninazo. Zimeandikwa Kilatini kabisa. Ziko kwenye bahasha za dawa chini ya godoro.

Na zilikuja kufanya kazi gani? Kampuni ya DOAG ndiyo iliyoanza mwaka 1890: pesa ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu ili mtu wa pwani aiamini, na rupia ya fedha. Pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikabadilisha hesabu, rupia moja ikawa heller 100, na huyo heller ndiye "hela" mnayolia kila siku kwamba hamna. Mpaka leo, miaka zaidi ya mia baada ya Mjerumani kuondoka, tukiishiwa tunaishiwa kwa Kijerumani. (Pesa yenyewe tulipewa na Wahindi, shilingi Mwingereza, fedha na sarafu Waarabu, na dinari ya kwenye hadithi ni denarius ya Warumi iliyopitia Uarabuni. Yaani ukihesabu majina ya hela mdomoni mwako tu umeshazunguka bahari nzima.)

Lakini mtu wa Matumbi au wa Ungoni alihitaji rupia ya nini, wakati mtama ni wake na mbuzi ni wake? Hakuihitaji. Akalazimishwa kuihitaji. Mwaka 1897 ikatungwa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha kijijini. Huna rupia? Zipo shambani kwa Mzungu, nenda kazitolee jasho. Ndiyo maana watu walikuwa tayari kuamini maji yatazuia risasi mwaka 1905. Kodi haikuwa sababu peke yake, pamba ya kulazimishwa ilikuwepo, viboko vya maakida vilikuwepo. Ila ile rupia ilikuwepo pale pale katikati. Na Songea, kwao na Jirani, wazee wa Kingoni walinyongwa mwaka 1906.

Halafu leo, mwaka huu wa simu janja, mtu anamshika kijana wa Songea pale Posta, anamwambia rupia ya Mjerumani ina nguvu, toa ada yako. Mara ya kwanza walikamuliwa babu zake kwa rupia ile. Sasa anakamuliwa mjukuu, kwa rupia ile ile, na safari hii hata haikuwemo kwenye kitambaa!

Hapo ndipo wanasimama wenzangu wa pale chini ya mwembe, wale wanaharakati, na wana hoja yao. Wanasema wewe unayehifadhi sura ya Kaiser na ya King George unatukuza wakoloni, zitupe. Nimewasikiliza mara nyingi na bado sikubaliani. Mji huu ulikuwa na sanamu ya Wissmann, yule kamanda wa Kijerumani, Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakaing'oa, na mwaka 1927 wakasimamisha Askari tunayemwona leo akiwa na bunduki yake kati ya magari. Sanamu ni ya kumtukuza mtu, inasimama juu ya watu, kwa hiyo ukiing'oa nakuelewa. Lakini sarafu ilikuwa mkononi mwa aliyetozwa. Imelika kwa vidole vyake. Ukiona rupia imechakaa mpaka masharubu ya Kaiser yamefutika, aliyeyafuta sio Kaiser. Ukiitupa unatupa ushahidi, na aliyekutoza hana cha kujibu tena. Mimi sitaki kumrahisishia kazi.

Haya, kwa wale watatu au wanne mlioniuliza kweli kweli mnaanzaje na bajeti ya bumu, nawajibu. Anzeni na senti yenye tundu. Senti 10 au senti 5 ya East Africa, mwaka 1936. Soma jina linalozunguka tundu. Ziko za George wa Tano na ziko za EDWARDVS VIII. Huyo Edward wa Nane alikaa kwenye ufalme Januari hadi Desemba 1936, hakuvikwa hata taji, akaacha kiti ili amuoe mwanamke aliyempenda. Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa wananchi, yako majaribio machache tu, na moja ya dhahabu iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni 1. Huku kwetu je? Sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura, kwa hiyo hawakusubiri mchoraji, waliandika jina tu wakapiga, zikaja kwa wingi, zikanunulia chumvi na kiberiti. Mimi ya kwangu niliipata Samora kwa sh. 2,000. Jina lile lile, mfalme yule yule, mwaka ule ule. Mwingereza mwenye kuipenda hiyo historia anaiota usiku, wewe unaipata kwa bei ya maandazi na chai. Na angalia chini kabisa uone kama kuna herufi H au KN, hizo ni alama za viwanda vya Birmingham, isiyo na herufi ni ya London. Tayari una tatu za kutafuta, na utazitafuta mwaka mzima.

Kisha tafuta shilingi mbili za George wa Sita, moja ya 1946 au kabla, moja ya 1948 au baada. Ya kwanza robo yake ni fedha na jina lina IND: IMP:. Ya pili fedha hakuna, na yale maneno hayapo, imebaki GEORGIVS SEXTVS REX. Nini kimetokea katikati? India imejitawala, 1947. Kaisari wa India hana India. Nawaambieni nimekaa kwenye mhadhara wa saa mbili kuhusu kuvunjika kwa dola ya Uingereza na sikuelewa kama nilivyoelewa siku nilipoziweka hizo mbili pamoja juu ya meza.

Halafu za kwetu. Benki Kuu ilianza kazi Juni 1966 na mwaka huo huo ikapiga sarafu zenye sura ya Mwalimu: senti 5 ya sulisuli, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi ya mwenge. Hizi wazazi wenu wanazo. Ziko kwenye kopo la vifungo, kwenye droo ya cherehani, kwa bibi. Ombeni kabla watoto hawajazichezea bao. Hakuna mfalme, hakuna Kilatini, imeandikwa Kiswahili. Mtu anayesema kukusanya sarafu ni mambo ya Wazungu na Wahindi namwonyesha ile senti 20, namuuliza huyo mbuni ni wa Mzungu gani.

Ukiwa Unguja tafuta pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, ndio 1882, yenye mizani. Zipo, hazijaisha, na sio ghali zikiwa zimechakaa. Zaidi ya hapo sitaki kuwamalizia utamu.

Na tafadhali sana, acheni kuzisugua! Sijui ni nani alianzisha hii habari ya limau na majivu. Ile rangi ya kahawia au kijani iliyoshika shaba ndiyo ngozi yake, ukiichubua umeua sarafu, thamani inashuka na maandishi yanaondoka nayo. Sina haja ya sarafu inayong'aa kama bomba la choo. Vumbi litoe kwa maji safi, kausha, basi. Hewa ya chumvi ya Dar ndiyo adui, kwa hiyo usizirundike kwenye mfuko wa plastiki laini unaonata. Mimi natumia vibahasha vya khaki, vile vidogo vya stationari na vya duka la dawa, naandika juu mwaka, mahali niliponunua na bei. Hiyo bei andika. Ndiyo itakayokulinda siku utakayoanza kujidanganya. Na ndugu zangu mnaotoboa rupia kutengeneza mkufu, au mnaopeleka kwa sonara ziyeyushwe ziwe pete ya uchumba, siwezi kuwazuia, fedha ni fedha. Ila mjue mnayeyusha nini.

Kuna sehemu moja ambayo mimi mwenyewe sigusi, na hapa najua nitachukiza wakusanyaji wenzangu. Sarafu za Kilwa. Karne nyingi kabla ya Kaiser yeyote, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba kwa maandishi ya Kiarabu, na jina la sultani upande mmoja lilipangwa liwe na vina na dua ya upande wa pili. Fikiria, nchi ambayo hata chenji yake ilikuwa na vina! Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa na mwanajeshi mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Nazitamani kuliko kitu chochote. Nimeletewa mbili Kariakoo, kijana anasema zimeokotwa ufukweni baada ya mvua, elfu ishirini zote. Bajeti ilikuwepo. Nikamrudishia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Lakini hata sheria isingekuwepo, sarafu ya Kilwa haina tarehe. Mwalimu wake ni udongo iliolala, na vitu vilivyolala nayo. Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za nje, na kwa sababu zilisomwa pamoja, mahali pake, ndipo ikajulikana kwamba watu wa visiwa vyetu walipiga fedha yao wenyewe karne ya 11 hivi. Zingeuzwa moja moja pale Darajani zingekuwa hereni. Kwa hiyo yule kijana nilimwelekeza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kutoka Posta ni kutembea tu. Alinitazama kama nimemtukana. Sijui kama alienda.

Yule mwingine wa Kariakoo mwenye "sarafu ya Kaisari iliyookotwa Rufiji", huyo sikumwelekeza popote. Ilikuwa na mshono wa kalibu kuzunguka ukingo mzima, kama sabuni. Na hata ingekuwa nzuri: yule mfanyabiashara wa karne ya 1 aliyeandika Periplus anaorodhesha vitu vilivyoletwa Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, anataja mikuki, vishoka, visu, misumari ya kutobolea na vyombo vya kioo. Hataji sarafu. Jamaa alivyonisikia nasema Periplus akaniuliza kama mimi ni polisi.

Maoni yako wazi hapo chini, karibuni mnitukane kwa adabu. Na natafuta senti 10 ya 1936 ya EDWARDVS yenye KN. Nina ya H na nina ya London. Mwenye nayo aseme, natoa sh. 3,000 au chips kuku, achague mwenyewe.